Mimi Nafungua, Mama Anafunga

Juni 2016, mwezi wa Ramadhani, saa tatu usiku kasoro dakika tano, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za mbele ya nyumba tuliyopanga mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Kando yangu kisahani cha tende tatu na glasi ya maji. Nililitazama jua. Lilikuwa limekaa juu ya paa la nyumba ya pili, jekundu, halina haraka, na watoto wa jirani walikuwa bado wanaendesha baiskeli barabarani. Simu ikalia. Mama, kutoka Majengo, mtaa wetu wa Nairobi.

"Ushafungua, mwanangu?"

"Bado, Mama. Jua liko."

"Jua? Jua gani saa tatu usiku?"

"Nalitazama hapa."

Akanyamaza. Nilimsikia akitafuna, kisha akipuliza chai. Nairobi ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano alfajiri, naye alikuwa anamalizia daku: chai ya maziwa na wali uliobaki, maana ndiyo daku yake miaka yote. Halafu akasema, "Haya. Wewe ukifungua, mimi nafunga."

Dakika chache baadaye nikatia tende mdomoni, naye akaenda kusukutua kungoja adhana. Nilikuwa nimefunga zaidi ya saa 17. Yeye alikuwa anaanza funga ya saa 13 na dakika kadhaa, kama mwaka uliotangulia, na kama nyanya yake alivyofunga katika mtaa ule ule. Nilikaa Minnesota miaka saba, 2014 hadi 2021, na kila nikiulizwa kuhusu nchi ya majira manne watu hutarajia nianze na theluji. Mimi huanza na tende zile.

Mtoto wa Nairobi hukua bila kujua kwamba jua limemtendea wema. Mji wetu uko nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta, na siku ndefu kuliko zote katika mwaka haiizidi siku fupi kuliko zote hata kwa dakika kumi. Ndiyo maana Kiswahili kinaweza kuhesabu saa kinavyohesabu: jua likishatoka, saa moja, likishazama, saa moja tena. Utotoni hatukuhitaji saa ya mkononi. Muadhini akianza kukohoa kwenye kipaza sauti, unajua kwamba usipokuwa mlangoni kabla hajamaliza, utakutana na Mama. Iwe Januari, iwe Agosti, muda ni ule ule, mbele au nyuma kidogo.

Kule maneno yenyewe yaliniacha njiani. Desemba, saa moja asubuhi ni usiku mtupu; jua hutoka saa mbili kasoro dakika kumi, na saa kumi na nusu jioni linazama. Juni, saa tatu usiku unasoma barua nje bila taa. Mchana wa Juni hupita saa 15 na nusu, wa Desemba haufiki saa tisa. Nilipomwandikia Mama ujumbe nilisita kila mara: niseme jioni au niseme usiku? Hatimaye nikajikuta nataja saa kwa Kiingereza na kubakiza Kiswahili kwa salamu, na jambo hilo liliniuma kuliko baridi.

Tena wanazigeuza saa zenyewe. Jumapili ya pili ya Machi kila mtu husogeza saa yake mbele, na Jumapili ya kwanza ya Novemba huirudisha nyuma. Jumapili ile ya Novemba yangu ya kwanza niliingia kazini mchana, nikainua kichwa saa kumi na mbili jioni, nje kumekuwa giza kama kisima. Nilidhani mvua kubwa inakuja. Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tulivyofundishwa, nami nikasogea dirishani kuyatafuta. Nyota zilikuwa zimejaa.

Wengi nyumbani huamini kwamba kule baridi huja dunia inapokuwa mbali na jua. Nami niliamini hivyo. Kumbe dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati ule ule ambao maziwa ya Minnesota yameganda kiasi cha watu kuegesha magari juu yake na kuvua samaki kwenye matundu. Sababu ni kuinama. Mhimili wa dunia umelala upande nyuzi 23 na nusu, kwa hiyo nusu ya mwaka upande wa kaskazini umelielekea jua, nusu ya pili umelipa mgongo. Minneapolis iko kama nyuzi 45, katikati ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini. Sisi tuko kiunoni. Dunia iiname itakavyo, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba.

Haya alinifafanulia mzee mmoja wa Kisomali, msikitini kule Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis. Alikuwa amepitia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kabla ya kuhamia Marekani miaka ya tisini, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Eastleigh. Nilipolalamikia urefu wa funga alinikumbusha kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua. Wao, alisema, walipofika walifunga Desemba: saa kumi tu na ushei, mtu anatoka kazini akiwa ameshafuturu. "Mwanangu, ukikaa huku miaka 33 utakuwa umefunga kila aina ya siku aliyoiumba Mungu. Kule kwetu unafunga siku moja tu, unairudia." Nimelifikiria neno lile mara nyingi, na mpaka leo sijaamua ni yupi kati yetu aliyepata zaidi.

Koti langu la kwanza nililinunua sokoni Gikomba, mwendo mfupi kutoka nyumbani, kwa shilingi mia nane baada ya kubishana. Zito, jeusi, lenye manyoya shingoni. Muuzaji aliapa limetoka Kanada. Nilipenda kuwazia safari yake: limetoka nchi ya baridi ndani ya robota la mitumba, likanunuliwa na msichana wa Majengo, na sasa analirudisha. Novemba lilinifaa. Januari lilishindwa kabisa. Mwenzangu kazini alilishika kwa vidole viwili, akalipima unene, akaniambia kwa upole kwamba hilo ni koti la Oktoba. Sikuwa nikijua kwamba makoti yana miezi.

Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na aliyenifundisha kusoma majira ni bibi mmoja wa miaka 84, aliyekulia kwenye shamba la mahindi na soya. Kiti chake kilikuwa dirishani. Siku moja, nikimkata kucha, akaniuliza, "Kwenu majani huanguka lini?"

Nikamwambia kwetu hayaanguki.

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa mnajuaje kwamba mwaka umeenda?"

Nilitaka kumjibu kwa masika na vuli nikakosa pa kuanzia. Shuleni tulikaririshwa kwamba vuli ndiyo majira ya majani kupukutika. Lakini kwa mama mdogo wangu aliyeolewa Kibwezi, vuli ni mvua ya Oktoba hadi Desemba, ni kunde na ndengu zinazoingia ardhini, na Ukambani ndiyo mvua inayotegemewa kuliko masika. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Kaskazi nayo hivyo hivyo: pwani yetu upepo wa kaskazi huja na joto kuanzia Desemba, kule upepo wa kaskazini ukivuma unaficha masikio. Kwa hiyo nikanyamaza, naye akaanza kunionyesha yake. Bata bukini wanaoelekea kusini wakijipanga kama ncha ya mkuki. Barafu ya kwanza ukingoni mwa ziwa, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Na harufu: alinitaka nitoke nje siku fulani ya Novemba, ninuse, kisha nirudi nimwambie. Nilirudi nikamwambia sijasikia harufu yoyote. Akatikisa kichwa. "Ndiyo hiyo. Imefunga." Kweli, tangu siku ile mpaka Aprili ardhi haikuwa na harufu.

Baridi kali niliyowahi kuikanyaga ni ya mwisho wa Januari 2019. Tarehe 30 alfajiri kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo mwili uliihisi kama nyuzi 47. Wazee hawawezi kuachwa peke yao, kwa hiyo nilitembea dakika tano hadi kituo cha basi, buibui chini ya koti, leso mbili usoni. Pumzi ya kwanza, nywele za puani ziliganda zikawa kama sindano. Nikipepesa, kope za juu zinashikana na za chini. Mvuke wa mdomo uliilowesha leso, na kabla sijafika kituoni leso ilikuwa ngumu kama kibao, nilipoibonyeza ililia.

Lakini siku ile sikumwona mtu aliyeshangaa. Ilitangazwa siku kadhaa kabla. Shule zilifungwa, posta ikasitisha kusambaza barua, watu wakakaguana. Mji wenyewe umejengwa kwa kuingojea baridi: katikati ya Minneapolis kuna madaraja yaliyofunikwa yanayounganisha majengo ghorofani, kilomita 15 hivi, unaweza kutoka benki hadi duka la dawa bila kuvaa koti. Theluji kubwa ikianguka, jiji hutangaza ni upande gani wa barabara magari yaondolewe ili matrekta yapite, leo upande huu, kesho ule. Mara ya kwanza jirani, mtu ambaye hatukuwa tumewahi kuzungumza, alinigongea usiku akiwa na beleshi mkononi, akanitolea gari langu kwenye theluji, akalihamisha nami, akaenda zake. Hapo nilielewa kwamba majira yanaweza kuwafunga watu pamoja. Kila mmoja anajua kinachokuja, anajua na tarehe zake.

Kisichosemwa sana ni giza. Baridi unaivalia; giza huna nguo yake. Mwaka wa pili nilianza kulala saa 11 kwa siku na kuamka nimechoka. Chakula hakikunipita. Nilianza kuacha simu ya Mama ilie, nikijiambia nitampigia kesho, mpaka wiki tatu zikapita. Mama ndiye aliyetambua. Alinitumia ujumbe mfupi: "Sauti yako imekuwa ya mtu aliyelala chini. Nenda hospitali." Daktari hakushangaa. Alisema ni sonona ya majira, huzuni nzito inayokuja na miezi ya giza, inayowapata wenyeji na wageni, na kwamba katika latitudo ile jua la miezi ya baridi halina nguvu ya kutosha ngozi itengeneze vitamini D. Alinipa vidonge na kunielekeza ninunue taa yenye mwanga wa laksi 10,000, nikae mbele yake nusu saa kila asubuhi. Nilinunua. Nilikaa mbele yake na kikombe changu cha chai kama mtu anayeota moto, na baada ya wiki mbili nilimpigia Mama mwenyewe. Nasema hili kwa ajili ya vijana wetu wanaoondoka kila mwaka: mkiandaa makoti, andaeni na taa. Si ukosefu wa imani, wala si uvivu.

Halafu ikafika siku moja ya Machi, nyuzi kumi, na mtaa mzima ukatoka nje na fulana. Nyuzi kumi! Nairobi kipimo hicho kinatutia kwenye sweta mbili. Aprili nilitoka mlangoni nikasimama ghafla: ardhi ilikuwa imefunguka, inanuka. Nilikwenda kazini mbio kumwambia bibi. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilirudi nyumbani Julai 2021. Niliacha nyuzi 30 za joto, nikashuka Nairobi kwenye mawingu ya kijivu yaliyokaa juu ya mji siku tisa bila kupasuka. Jina la mji wetu limetoka kwenye Kimaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi, na bado tunaishi kana kwamba baridi hii ni bahati mbaya ya wiki moja. Nyumba ya Minneapolis ndani yake ni nyuzi 20 hata theluji ikifika dirishani. Nyumba ya Mama ni mawe na saruji, haina kitu chochote cha kupasha joto, na usiku wa Julai nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Sikuwahi kutetemeka ndani ya nyumba Minnesota. Nilitetemeka Majengo.

Usiku wa tatu nikamkuta Mama amekoka jiko la makaa uani, limeshika vizuri, ameliingiza chumbani na kufunga dirisha. Nililikamata kwa shati nikalitoa nje.

"Wewe, unanitolea moto wangu?"

"Mama, hewa ya makaa haina harufu. Inakulaza na huamki."

"Tumeota moto wa jiko tangu hujazaliwa."

Hapo alikuwa na haki, na ilinichukua muda kuona tulipotofautiana. Nyumba aliyokulia ilikuwa ya udongo, na mianya kati ya ukuta na paa ilipitisha mkono. Moshi na ile hewa isiyo na harufu, kaboni monoksidi, vilipata njia. Nyumba ya sasa imezibwa kwa saruji na vioo. Jiko lile lile limegeuka jingine. Kila Julai tunasikia familia iliyokutwa asubuhi haiamki. Niliposema hivyo akakaa kitandani, akajifunika shuka, akasema, "Basi niletee maji ya moto kwenye chupa." Tangu hapo ndiyo desturi yetu: chupa mbili za maji ya moto, blanketi zito kutoka Gikomba, na jiko libaki uani. Linanitia uchungu jambo hili. Julai haijawahi kukosa kuja, ila hatujaipa hadhi ya kuwa majira, na asiyeitwa kwa jina haandaliwi.

Septemba mwaka ule nilipita chini ya mijakaranda na kitu kikanigusa bega. Majani. Yalikuwa yanapukutika, madogo, ya manjano, yamejaa kando ya barabara. Wiki chache baadaye matawi yakawa zambarau. Miti ile ilikuwa ikiangusha majani kila mwaka wa utoto wangu, nami nilimwambia mtu mzima kwamba kwetu hayaanguki. Bibi yule alikuwa ameshafariki. Nilipiga picha hata hivyo.

Sasa nimezoea kuona hivi: kule mwanga hubadilika, lakini kwa tarehe, unaweza kuandika leo dakika ambayo jua litazama siku ya harusi ya mjukuu wako. Kwetu mwanga hautikisiki. Maji ndiyo hayana tarehe. Wanaoita hali ya hewa yetu tulivu wameangalia kipimajoto tu. Aprili 2024 masika yalimwagika mpaka Mto Mathare ukaingia kwenye nyumba za watu usiku. Nchi nzima zaidi ya watu 280 walikufa katika mafuriko ya msimu ule, na shule zilichelewa kufunguliwa. Kwa wiki mbili Mama aliwalaza jamaa zetu sebuleni, magodoro ukuta kwa ukuta, na watoto walikuwa wakiamka kila radi ikipiga.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo tulikuwa tunaililia mvua hiyo hiyo. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo, mvua zilikosa kwa sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mama mdogo alipanda ndengu Kibwezi, zikachipua kidole kimoja, zikakauka. Akapanda tena. Mara ya nne aliomba tumtumie pesa za mbegu, na Mama alipokata simu alikaa muda mrefu na simu mapajani. Salamu zetu zilibadilika. Hatukuulizana tena habari za watoto kwanza. Tuliulizana, "Huko kumetia wingu?"

Machi 2023, jioni, tukingoja adhana ya magharibi, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mdogo, sekunde 52. Nikaufungua, tukasogeza vichwa. Hakusema neno. Ni mvua tupu kwenye mabati, nzito, sufuria ikigongwa na matone mahali fulani karibu, kisha miguu ya mtu inakimbia na ndoo, mlango unabamizwa, kuku analalamika. Mama akaniambia rudia. Nikarudia. Akaomba tena, akaishika simu mwenyewe, akaibana sikioni kwa mikono miwili, na nje, juu ya paa letu, kulikuwa bado kukavu.